Somo la Mwezi: Kijicho Kati ya Marafiki

Someni kwanza: 1 Samweli 18:1–16, 1 Samweli 23:15–18, Luka 15:25–32



Padre wetu ameniomba niandike somo kwa ajili ya vijana wa mtaa wetu walio na kazi zao na mishahara yao, ambao Ijumaa na Jumamosi usiku hutoka pamoja kwenda kusikiliza bendi na kucheza. Nilidhani ataka niwaonye juu ya pombe. Akasema, “La, Mwalimu, hayo huandikwa kila mwaka, na wanaohusika hawayasomi. Andika juu ya urafiki wao.” Kisha akaniambia jambo ambalo nami nimeliona kwa macho yangu. Wengi wanaomwendea siku ya Jumatatu na moyo mzito hawalii kwa ajili ya fedha walizotumia wala usingizi walioukosa. Hulia kwa ajili ya rafiki. Walitoka watano wakicheka, wakarudi watano, na mmoja wao hatazamani tena na mwenzake. Hakuna aliyetukana mtu. Ukiuliza kisa, huambiwi. Na ukiambiwa, ni jambo dogo hata msemaji mwenyewe huona haya kulitamka. Fulani alivaa vizuri kupita wote. Fulani aliitwa kwenye meza ya mbele. Fulani alitajwa jina na mwimbaji.

Jambo hilo dogo lina jina, nasi Waswahili tunayo majina kadhaa ambayo twayachanganya. Wivu hulinda kilicho chako. Mume ana wivu juu ya mkewe, na Maandiko hayaoni haya kusema kwamba Mungu ni mwenye wivu juu ya watu wake (Kutoka 20:5). Kijicho hutazama kilicho cha mwenzako. Na husuda ni kijicho kilichokomaa. Haitosheki hata ikipewa kitu kama kile kile, kwa kuwa yataka mwenzako asiwe nacho. Katika mazungumzo ya kila siku twasema “wivu” kwa yote matatu, wala si kosa kubwa, lakini tukitafuta dawa yafaa tujue ugonjwa.

Neno kijicho limetoka katika jicho, na hilo si la Waswahili peke yao. Katika 1 Samweli 18:9, pale Biblia yetu isemapo kwamba Sauli alimwonea Daudi wivu, neno la Kiebrania limetokana na jicho: tangu siku ile Sauli alikuwa akimtupia Daudi jicho. Warumi nao walikuwa na neno lao, invidia, nalo latokana na kutazama. Basi watu wa lugha tatu, mbali mbali, waliona kwamba ugonjwa huu huingia kwa macho. Sasa fikirini ukumbi wa starehe ni mahali gani. Ni mahali ambapo watu huenda kuona na kuonwa. Taa zimewekwa kwa ajili hiyo, nguo zimechaguliwa kwa ajili hiyo, na meza zimepangwa ili wengine wawe mbele na wengine nyuma.

Wale wa umri wangu wanakumbuka Dar es Salaam ilivyokuwa. Mwaka 1978 ilipoundwa Mlimani Park, na Muhidini Maalim Gurumo akaihama JUWATA Jazz, ile iliyozaliwa 1964 kwa jina la NUTA, na kujiunga na bendi mpya, mji uligawanyika: huyu Msondo, huyu Sikinde. Ndugu wa nyumba moja walibishana mpaka usiku wa manane. Mtu akipendezwa na wimbo alipanda jukwaani akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, na mwimbaji akijua jina lake alilitia ndani ya wimbo. Desturi hiyo haijafa. Na yule aliyetajwa hurudi mezani amekuwa mrefu kuliko alivyoondoka.

Nasema haya kwa sababu kisa cha Sauli na Daudi nacho kilianza katika muziki na kucheza. Tazameni vizuri aya ya 6. Vita vimekwisha, Mfilisti ameuawa, majeshi yanarudi. Wanawake wanatoka katika miji yote na matari na vinanda, wanaimba na kucheza. Ni furaha tupu. Katika wimbo wao Sauli anatajwa kwanza, anahesabiwa maelfu. Kisha Daudi anatajwa, anahesabiwa mara kumi zaidi. Mfalme alisifiwa, tena alitangulizwa; lakini hakusikia mstari wake, alisikia wa mwenzake tu. Siku ya pili yake akashika mkuki nyumbani mwake.

Kwa nini Daudi? Katika jeshi walikuwamo wengi, na katika nchi za jirani walikuwamo wafalme wenye utajiri kumpita Sauli. Hakuwatupia mkuki hao. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliliandika jambo hili zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Kristo: mtu huwaonea kijicho walio karibu naye kwa umri, kwa mahali, kwa ukoo na kwa sifa, hahangaiki na aliye mbali sana juu yake wala chini yake. Mimi sikuhitaji kumsoma Aristotle ili nijue, kwa kuwa nilibandika matokeo ya mitihani ukutani kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanafunzi wa 40 humshangilia wa kwanza. Wa pili ndiye anayeondoka ukutani bila kumpa mkono. Tena ni yule wa pili aliyesoma naye usiku, taa moja, kitabu kimoja.

Kwa hiyo, kijana, usishangae ukiona huumwi na tajiri apitaye na gari lake, bali na rafiki yako aliyepata viatu vipya. Haimaanishi kwamba urafiki wenu ulikuwa wa uongo. Kijicho huota pale pale urafiki unapoota, katika udongo ule ule wa kufanana.

Jambo jingine ni kwamba ugonjwa huu kila mtu auona kwa jirani. Hesabuni khanga zilizomo ndani ya sanduku la mama yenu, mwone ngapi zinasema na hasidi. Katika miaka ya 1990, TOT na Muungano walipokuwa wakipashana kwa taarabu, kumbi zilijaa watu waliosimama na kunyosha kidole, kana kwamba kila mmoja amjua anayeimbwa. Sikumwona hata mmoja aliyejinyoshea kidole mwenyewe. Wala sijapata kuona khanga inayosema kwamba mwenye kijicho ni huyu aliyeivaa. Siku hizi vijana wetu huficha habari njema zao, kazi mpya, safari, uchumba, hata mimba, kwa kuogopa jicho la mwenzao. Watu wote wanawakimbia mahasidi, na hasidi mwenyewe haonekani.

Gregori Mkuu, yule Papa aliyemtuma Agostino kwa Waingereza, ambaye alifika Kent mwaka 597 na kuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kantabari, aliandika kwamba husuda ni mama mwenye watoto watano: chuki, uchongezi wa chini chini, kumpunguzia mwenzako sifa yake, kufurahia msiba wake, na kuhuzunika kwa mafanikio yake. Hapa sisi Waanglikana tuna deni la pekee kwa mzee huyu, na yafaa tumsikilize. Mpelekeni na hao watoto wake katika meza ya Jumamosi usiku, mtawatambua. “Amependeza, lakini nguo ni ya kuazima.” Huyo ni wa tatu. “Mwulize fedha zile amezipata wapi.” Huyo ni wa pili. Na yule anayecheka kidogo rafiki yake ateleza mbele za watu, kisha akakimbia kumwinua, huyo ni wa nne, na ni mwenye adabu kuliko ndugu zake wote.

Sasa niseme la kwangu, kwa kuwa si haki mwalimu atoe mifano ya dhambi za watu wengine tu.

Mwaka 1982, nilipomaliza chuo cha ualimu, nilipangiwa kufundisha sekondari hapa Dar es Salaam pamoja na rafiki yangu. Tulikuwa darasa moja chuoni, na kitanda cha ghorofa kimoja, yeye juu mimi chini. Tukapanga chumba cha uani Magomeni: jiko moja la mafuta ya taa, pasi moja ya mkaa. Mnaoikumbuka miaka ile mnajua hali ilivyokuwa. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na nguo nzuri ni hadithi. Mwenzangu alikuwa na shati moja la buluu aliloletewa na mjomba wake baharia kutoka Mombasa. Tulilivaa kwa zamu. Zamu yenyewe aliiweka yeye, ingawa shati ni lake.

Jumamosi jioni tulitembea kwa miguu mpaka Kariakoo kwenye dansi, na kurudi ni kwa miguu pia, kwa kuwa mabasi yalikuwa yamekwisha kulala. Mwenzangu alijua kucheza. Mimi nilijua kuhesabu hatua. Bia ilikuwa adimu, nasi hatukuwa na fedha zake; tulinunua soda moja moja tukaikalisha usiku kucha.

Jumamosi moja mwaka 1984 zamu ya shati ilikuwa yangu. Yeye alivaa shati lake la kufundishia lililopauka kola. Katikati ya wimbo mwimbaji akamtaja jina, maana walikuwa wamezoeana. Ukumbi ukapiga vigelegele. Dada wawili waliokuwa mezani petu, ambao mmoja wao nilikuwa nimeanza kumfikiria sana, wakainuka kwenda kucheza karibu naye. Nikabaki na chupa yangu ya soda. Nataka mlielewe jambo hili: hata shati nililolivaa lilikuwa lake, na moyo wangu ukaniambia kwamba amenidhulumu.

Jumatatu alisafiri kwenda Muheza kumtazama mama yake aliyekuwa mgonjwa. Jumanne tarishi akaleta shuleni barua yake, nikaipokea kwa niaba yake. Bahasha haikuwa na gundi ya kutosha, na juu ya gundi sitasema zaidi. Aliitwa kwenye usaili wa nafasi ya masomo ya chuo kikuu, Alhamisi saa tatu asubuhi, aje na vyeti vyake. Jumatano jioni akarudi. Tulikula pamoja ugali na dagaa. Barua ilikuwa ndani ya daftari langu la maandalio ya masomo, juu ya meza, hatua moja kutoka mkononi mwake. Nilijiambia nitampa akisha kula. Kisha nikajiambia amechoka na safari. Kisha taa ikazimwa. Nikampa Ijumaa, nikasema tarishi ameileta leo.

Aliisoma mara mbili, akaikunja. “Basi,” akasema, “haikuwa riziki yangu.” Na Jumamosi ile akanipa shati tena, ingawa haikuwa zamu yangu, kwa kuwa aliona sina raha.

Sikupata kumchukia, na hapo ndipo nilipojidanganya kwa miaka mingi, nikidhani kwamba pasipo chuki hapana husuda. Tulibaki marafiki. Mwaka 1986 alipata nafasi nyingine ya masomo, akamaliza 1989. Alinisimamia harusi yangu. Mtoto wangu wa kwanza alipobatizwa, yeye ndiye aliyesimama nami penye kisima cha ubatizo akajibu kwa ajili yake kwamba amkataa Shetani na kazi zake zote, na mimi mwenye kazi mojawapo nilisimama kando, nimeshika mshumaa.

Kwaresima moja nilikwenda kuungama kwa padre, ambaye sasa ni marehemu. Alinisikiliza, akanitangazia ondoleo, kisha akauliza, “Na mwenye barua?” Nikasema, “Padre, ni miaka mingi sasa.” Akasema, “Kwako ni miaka mingi. Kwake haijatimia hata siku moja.” Hata hivyo nilichelewa sana kumtii.

Nilimwambia mwenzangu mwaka 2009, barazani kwangu, wakati wa chai. Alinyamaza muda mrefu. Aliinua kikombe akakirudisha bila kunywa. Akasema, “Huenda wasingalinichagua mwaka ule. Walikwenda wengi. Lakini kama ningalichaguliwa, ningalimaliza 1987. Baba alifariki 1988, hajaniona nimevaa joho.” Akaaga kwa adabu, kama mtu agavyo msibani. Kwa miezi minne hakuja kwangu wala hakupokea simu yangu.

Jumapili moja ya Majilio, tukiwa tumepiga magoti, nikasikia mtu akiingia katika benchi upande wangu. Wakati wa kupeana amani alinipa mkono. Baada ya ibada akaniuliza kama bati la nyumba yangu lililokuwa likivuja limekwisha kuzibwa. Hatukulirudia jambo lile tena mpaka mwezi huu nilipompelekea karatasi hizi azisome, maana bila ruhusa yake nisingeziandika. Ameruhusu. Amesahihisha mahali pamoja tu: shati halikuwa la buluu, lilikuwa la kijani, tena lilitoka Tanga. Mimi bado naliona la buluu.

Turudi katika Maandiko. Siku ile ya wimbo Sauli hakuwa peke yake. Yonathani, mwanawe, naye alikuwa katika nyumba ile ile, na wimbo ule ulienea kila mahali. Na kama yuko mtu aliyekuwa na sababu ya kuumia, ndiye yeye. Sauli alikuwa amekwisha kutawala. Yonathani alikuwa bado hajatawala, naye ni mrithi. Baadaye babaye alimwambia waziwazi, kwa hasira, kwamba maadamu mwana wa Yese yu hai, ufalme wake hautathibitika (1 Samweli 20:31). Yonathani aliijua hesabu hiyo. Wala hakuwa mtu dhaifu asiye na sifa zake. Someni sura ya 14 mwone jinsi alivyoliendea jeshi la Wafilisti na mchukua silaha wake tu.

Sasa angalieni utaratibu wa sura ya 18, maana mwandishi hakuuweka bure. Wimbo umo katika aya ya 7. Joho la Yonathani limo katika aya ya 4. Kabla Daudi hajasifiwa na wanawake wa Israeli, Yonathani amekwisha kuvua joho lake na kumpa, na mavazi yake, na upanga, na upinde, na mshipi. Sifa zilipokuja zilimkuta amekwisha kutoa. Maandiko hayasemi kama Daudi alilivaa joho lile siku ya wimbo. Mimi hupenda kufikiri kwamba alilivaa, na kwamba Yonathani alipomwona akipita katikati ya matari aliona vazi lake mwenyewe likishangiliwa. Hayo ni mawazo ya mwalimu mzee, msiyafanye kuwa mafundisho ya Kanisa.

Lakini urafiki wake haukuishia kwenye nguo. Katika sura ya 23 Daudi anawindwa msituni, hana ukumbi wala wimbo, na Yonathani anatoka kwenda kumtafuta. Anamtia nguvu katika Mungu, na anatamka kwa kinywa chake kwamba Daudi ndiye atakayekuwa mfalme, naye mwenyewe atakuwa wa pili wake. Neno hilo la kuwa wa pili, alilolikimbia Sauli kwa mkuki, mwanawe alilitamka mwenyewe, kwa hiari, mbele ya rafiki yake. Hakulipata hata hilo, kwa kuwa aliuawa katika mlima Gilboa.

Nimewahi kuulizwa na kijana mmoja, “Mwalimu, mtu afanyeje roho ikimwuma pale pale mezani, saa sita usiku, muziki unalia?” Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa. Asijifanye haimwumi. Amwambie Mungu kimoyomoyo, kwa majina kamili: namwonea fulani kijicho kwa ajili ya kitu fulani. Ombi la jumla la kuondolewa “wivu” ni kama kumwambia daktari kwamba unaumwa mwili. Kisha amtendee mwenzake jema katika jambo lile lile linalomwuma. Kama ni sifa, amsifu, tena mahali ambapo mwenyewe hayupo, maana kumsifu mtu mbele yake kwaweza kuwa unafiki. Kama ni kazi, amletee habari ya kazi. Moyo hauji upesi. Mkono hutangulia, moyo ukafuata baadaye, na pengine unafuata kwa kuchechemea. Na kama asubuhi yake bado yamwuma, amwambie rafiki yake. Aibu yake ni ya saa moja. Mimi nililipa miaka ishirini na mitano.

Neno moja kwa wanaobaki nyumbani, kwa kuwa si wote wanaotoka. Zamani asiyekwenda kwenye dansi alilala, akaamka Jumapili hana habari. Sasa dansi humfuata kitandani. Huifungua simu yake saa tano usiku na kuwaona wenzake wakila bata, kama wasemavyo, na mahali pake mezani pamekaliwa na mwingine. Ndugu mkubwa wa Luka 15 alikuwa na hali hiyo hasa: alitoka shambani, akasikia muziki na machezo kutoka nje. Hakuingia aone kuna nini. Alimwita mtumishi akamwuliza, na kwa habari ile ya kuambiwa akakasirika. Simu ni mtumishi wa namna hiyo. Huonyesha nusu dakika ya kicheko, wala haionyeshi aliyelia chooni, wala anayewaza kodi ya nyumba. Lakini babaye alitoka nje kumsihi. Mara nyingi twamsifu baba yule kwa kumkimbilia mdogo. Tusisahau kwamba usiku ule ule aliiacha karamu yake kwa ajili ya mkubwa.

Na ninyi mnaotajwa majina, mnaopendeza, mnaonunuliwa vinywaji: kijicho cha mwenzenu si kosa lenu, lakini si lazima mkipalilie. Yusufu hakutenda dhambi kwa kupewa kanzu na babaye, wala kwa kuota ndoto. Lakini aliwasimulia nduguze ndoto ya kwanza, akaona walivyochukia, kisha akawasimulia na ya pili (Mwanzo 37). Alikuwa na miaka 17, tumsamehe. Mwenye miaka 27 apigaye picha ya meza huku akihakikisha kwamba yule asiyealikwa ataiona, huyo ajichunguze.

Wazazi wengine watanilaumu kwamba sikukataza dansi. Mimi nilicheza, vibaya, na nilichopoteza sikukipotezea ukumbini; nilikipotezea chumbani kwangu, siku ya kazi, nikiwa sijanywa kitu. Atakayetaka kuandika juu ya kumbi na aandike.

Vijana watakutana Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya mazoezi ya kwaya. Kabla ya siku hiyo kila mmoja asome sura zilizotajwa hapo juu, achukue karatasi na kujibu kwa maandishi. Ni nani, kati ya marafiki zako watatu wa karibu, ambaye habari yake njema ya mwisho ilikuumiza? Ni kitu gani hasa alichokipata? Katika watoto watano wa husuda aliowataja Gregori, ni yupi aliyekutembelea? Je, iko “barua” yo yote ya mtu iliyomo ndani ya daftari lako: ujumbe usioufikisha, sifa uliyoinyamazia, nafasi uliyoificha? Na kama iko, mwenyewe yu hai, na anakaa wapi?

Karatasi hizo hatutazikusanya.